Mabano matupu: kisa cha entiti zilizopotea ndani ya kontena la majaribio

Kisa hiki ni cha timu ya watu wanne waliokuwa wakitunza mfumo wa mikopo wa ushirika mmoja wa akiba. Jina la ushirika, la kampuni na la kila aliyehusika nimeyaondoa, na majina ya klasi nimeyabadilisha. Jumbe za hitilafu nimezinukuu kama zinavyotoka kwenye programu zenyewe, kwa sababu atakayekwama mahali hapo atazitafuta kwa maneno hayo hayo.

## Mazingira

Mfumo uliandikwa kwa Java EE 6, seti ya viwango vya Java kwa mifumo ya seva, na uliendeshwa juu ya seva ya TomEE 1.7. Kwa hiyo ndani yake mlikuwa na OpenEJB 4.7, kontena linaloendesha bini za EJB, na OpenJPA 2.4, maktaba inayotekeleza JPA, yaani kiwango cha Java cha kuhifadhi vitu kwenye kanzidata. Kanzidata ya kazini ni PostgreSQL. Wapo watakaocheka wakisikia Java EE 6, kitu cha Desemba 2009. Wacheke tu: mfumo unatoa mikopo kila siku, na hakuna mwenye bajeti ya kuuandika upya.

Mradi wa Maven (zana ya kujengea miradi ya Java) una moduli mbili. `kiini` ina entiti, yaani klasi zinazowakilisha majedwali ya kanzidata, na bini za huduma, yaani klasi za kazi zinazosimamiwa na kontena. `wavuti` hutoa faili la WAR linalopelekwa kwenye seva. Faili la `persistence.xml`, linaloieleza JPA itumie kanzidata ipi na entiti zipi, lilikaa `wavuti`, na ndani yake entiti zote, thelathini na kitu, zimeorodheshwa moja moja kwa `<class>`. Hapo ndipo kisa kizima kilipoanzia, ingawa wakati huo hakuna aliyepatilia maanani.

Majaribio yalikuwepo tangu zamani, ila yaliendeshwa dhidi ya PostgreSQL moja ya pamoja kwenye seva ya ofisi. Ukifuta mteja wa majaribio, jaribio la mwenzako linaanguka. Mtandao ukikatika, hakuna anayejaribu kitu. Siku riba ya mkopo mmoja ilipokokotolewa mara mbili na kosa likamfikia mteja, wakakubaliana kuhamia `EJBContainer`, ile iliyoletwa na EJB 3.1: kontena linawashwa ndani ya jaribio lenyewe, pamoja na kanzidata ya HSQLDB inayoishi kwenye kumbukumbu tu na kufa programu inapozimwa.

Niliitwa siku ya nne. Ya siku tatu za kwanza niliyapata kwa kusoma historia ya Git na kuwauliza wenyewe.

## Kilichotokea

### Kizingiti cha mlangoni

Jaribio la kwanza kabisa halikufika hata kwenye kanzidata. Lilianguka kwa `ClassFormatError`, na ujumbe wake ulianza hivi:

```
Absent Code attribute in method that is not native or abstract
```

Hili ni maarufu. Maktaba ya `javaee-api` 6.0 ya kundi la `javax` ina majina ya mbinu bila miili yake. Imekusudiwa kukompailia tu. JVM, yaani mashine inayoendesha programu za Java, ikijaribu kupakia klasi yake wakati wa kuendesha, inakuta ganda tupu na inagoma. Waliiondoa, wakaweka `javaee-api` ya kundi la `org.apache.openejb`, ambayo ni kamili. Saa moja, kazi imekwisha.

### Hitilafu tatu, watu watatu

Kijana aliyepewa kazi alinakili `persistence.xml` ya `wavuti` na kuiweka `kiini/src/test/resources/META-INF/`. Akabadilisha chanzo cha data kiwe cha HSQLDB, kisha akafuta ile orodha ndefu ya `<class>`. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu vizuri tu: amesoma kwamba ndani ya kontena la Java EE entiti hutafutwa zenyewe, hakuna haja ya kuziorodhesha. Ni kweli. Ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki iliwagharimu siku tatu.

Aliandika majaribio matatu. La kwanza lilisoma jedwali kwa SQL ya moja kwa moja:

```
user lacks privilege or object not found: MKOPO [code=-5501, state=42501]
```

La pili lilitumia JPQL, lugha ya JPA ya kuulizia entiti kwa majina yake, `select m from Mkopo m`:

```
The name "Mkopo" is not a recognized entity or identifier.
Known entity names: []
```

La tatu lilijaribu kuhifadhi mkopo mpya kwa `persist`:

```
Attempt to cast instance "..." to PersistenceCapable failed.
Ensure that it has been enhanced.
```

Jumbe tatu, na kila mmoja unaelekeza kwake. Wakagawana.

Aliyechukua wa kwanza aliona neno linalohusu ruhusa, akaanza kugawa ruhusa. Mtumiaji `SA` wa HSQLDB ni msimamizi tangu kuzaliwa, lakini yeye alimwandikia `GRANT` juu ya `GRANT`. Nilipofika aliniambia, "Kaka, huyu SA nimempa haki zote mpaka zimeisha, bado anasema hana." HSQLDB hutumia ujumbe huo huo kwa mambo mawili tofauti: huna ruhusa, au kitu chenyewe hakipo. Uzoefu wangu ni kwamba mara nyingi zaidi kitu hakipo.

Aliyechukua wa pili alihisi, na alihisi sawa, kwamba majedwali hayajaundwa. Akabandika `hibernate.hbm2ddl.auto`, sifa ya kuunda majedwali ya Hibernate, maktaba nyingine ya JPA, kwenye mipangilio. Lakini anayehudumia hapa ni OpenJPA, na sifa ya Hibernate kwake ni kelele za jirani: haisikii wala hailalamiki. Dada aliyechukua wa tatu alishinda siku nzima akisoma habari za kubadilisha baitikodi, yaani kodi iliyokwisha kukompailiwa ambayo JVM huisoma. Kazi yake haikupotea, kama tutakavyoona, ila ilikuja kabla ya wakati.

### Siku ya nne

Niliomba tufute majaribio mawili, libaki moja, na ndani ya bini inayoitwa na jaribio hilo tuweke mstari mmoja:

```java
System.out.println(em.getMetamodel().getEntities());
```

Ukachapa `[]`. Mabano matupu, yale yale yaliyokuwa kwenye ujumbe wa JPQL kwa siku tatu bila mtu kuyatazama. Kwa mujibu wa JPA, yuniti hii ya uhifadhi, yaani kundi la entiti linaloelezwa ndani ya `persistence.xml`, haina entiti hata moja. Hapo suala la ruhusa likafa, na suala la majedwali likafa. Swali likabaki moja: kwa nini hazioni?

Tukauliza faili liko wapi. Amri ya `find` upande wa `kiini` ilijibu:

```
./kiini/src/test/resources/META-INF/persistence.xml
./kiini/target/test-classes/META-INF/persistence.xml
```

Entiti zenyewe, baada ya kukompailiwa, ziko `kiini/target/classes`. Folda mbili tofauti. Na kanuni ya JPA ni kwamba yuniti ya uhifadhi ina mzizi, na mzizi huo ni folda au faili la JAR ambalo `META-INF` yake ndiyo iliyobeba `persistence.xml`. Kontena hutafuta entiti ndani ya mzizi huo, si kwenye klasipathi nzima, yaani kila mahali Java inapotafuta klasi. Ni kama balozi wa nyumba kumi: atakuhesabia watu wa nyumba zake bila kukosea hata mmoja, lakini aliye mtaa wa pili, hata kama ukuta wao ni mmoja, hamjui.

Mzizi wa yuniti yetu ulikuwa `test-classes`. Humo mlikuwa na klasi za majaribio peke yake. Kule `wavuti` nako entiti hazikuwa kwenye mzizi, maana zilikuja ndani ya JAR ya `kiini`. Kilichokuwa kikiziokoa miaka yote ni ile orodha ya `<class>`. Kijana alifuta kitu kilichoonekana ni cha ziada, kumbe ndicho kilichobeba nyumba.

Zile hitilafu tatu zote zilitoka hapa. Yuniti isiyo na entiti haina cha kuundia jedwali, kwa hiyo SQL haikuti `MKOPO`. JPQL haipati jina. Na `persist` inapokea kitu ambacho OpenJPA haikijui, haikuwahi kukigusa baitikodi yake, kwa hiyo inakikataa kama mgeni.

### Chini ya kosa kulikuwa na makosa mengine

Tulirudisha orodha ya `<class>` ili tuone tunaelekea wapi. Mabano yakajaa majina. Na papo hapo ujumbe mpya:

```
This configuration disallows runtime optimization, but the following
listed types were not enhanced at build time or at class load time
with a javaagent: ...
```

Kumbe sasa ndipo ulipokuwa wakati wa kazi ya yule dada. OpenJPA hutaka klasi za entiti ziongezewe baitikodi yake, ama wakati wa kujenga mradi ama wakati wa kupakiwa. Kwenye seva, TomEE huifanya kazi hiyo yenyewe. Ndani ya jaribio la kawaida hakuna wa kuifanya mpaka umpe JVM `-javaagent` ya OpenEJB, kijalizo kinachobadilisha klasi zinapopakiwa. Alikuwa ameshaandika mstari wenyewe kwenye mipangilio ya Surefire, programu-jalizi ya Maven inayoendesha majaribio, tukauwasha.

Halafu jedwali moja, la maelezo ya mkopo, likagoma kuundwa:

```
type not found or user lacks privilege: TEXT
```

Hapa tulitazamana. Safu ile ina `columnDefinition = "text"`, aina ya PostgreSQL, na hilo walilifikiria mapema: anwani ya HSQLDB iliwekewa `sql.syntax_pgs=true`, inayoiruhusu kuelewa `TEXT`, `SERIAL` na ndugu zao. Mbona basi haielewi? Nikaomba bini ituchapie anwani halisi ya muunganisho kwa `getMetaData().getURL()`. Ilitoka anwani ambayo hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kuiandika. Mipangilio ilikuwa hivi:

```java
p.put("mikopoDS", "new://Resource?type=DataSource");
p.put("mikopoDb.JdbcDriver", "org.hsqldb.jdbcDriver");
p.put("mikopoDb.JdbcUrl",
      "jdbc:hsqldb:mem:mikopo;sql.syntax_pgs=true");
```

Mstari wa kwanza unaunda `mikopoDS`. Miwili inayofuata inampangia `mikopoDb`, mtu asiyekuwepo. OpenEJB haikuanguka. Iliunda `mikopoDS` kwa mipangilio yake ya kawaida, ambayo kwa bahati nayo ni HSQLDB ya kumbukumbu, na ikaendelea na kazi. Laiti isingekuwa safu hiyo moja ya `TEXT`, tungekaa mwaka mzima tukijaribu kwenye kanzidata tusiyoichagua.

### Data za jaribio lililopita

La mwisho lilijitokeza majaribio yalipozidi kumi. Moja moja yanapita, yote pamoja yanaanguka. Mmoja wao alitoka kwenye mradi wa Spring, ambako jaribio lenye `@Transactional` hurudisha muamala nyuma lenyewe likimalizika. `EJBContainer` haina huruma hiyo. Kila wito kwa bini ya `@Stateless` ni muamala kamili unaofungwa na kuhifadhiwa, sawa na kutuma pesa ukapata ujumbe wa uthibitisho.

Walidhani kulifunga kontena kwa `close()` baada ya kila klasi ya majaribio kunafuta kila kitu. Hapana. Kanzidata ya `mem:` ya HSQLDB ni mali ya JVM, si ya kontena, na Surefire kwa kawaida huendesha klasi zote za majaribio ndani ya JVM moja. Kontena jipya linaamka, linaomba `mem:mikopo`, na linapewa ile ile yenye wateja wa jaribio lililotangulia.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu, na haukuwa mzuri. Siku ile ya nne nilishauri waache `persistence.xml` kwenye `src/test/resources`, ikiwa na orodha kamili ya `<class>`, pamoja na `-javaagent`. Sababu yangu ilikuwa haraka: walikuwa na toleo la kupeleka Ijumaa, na sikutaka kugusa kitu kinachoingia kwenye WAR.

Haikuchukua hata mwezi. Entiti mpya ya `Mdhamini` ikaongezwa kwenye orodha ya `wavuti`, ikasahaulika kwenye orodha ya majaribio, na mabano yakarudi, safari hii yakiwa na majina yote isipokuwa moja. Isitoshe, kila aliyeendesha jaribio kwa kubofya ndani ya programu yake ya kuandikia kodi alikosa `-javaagent`, kwa sababu mstari ule ulikuwa kwenye Surefire tu.

Ndipo tukafanya kilichotakiwa kufanyika mwanzo. `persistence.xml` ikahamia `kiini/src/main/resources/META-INF/`, jirani na entiti zenyewe, na ile ya `wavuti` ikafutwa. Faili likiwa ndani ya JAR iliyoko `WEB-INF/lib`, yuniti yake inaonekana na WAR nzima, kwa hiyo seva haikupoteza kitu. Mzizi sasa ni `target/classes` kwenye majaribio na JAR ya `kiini` kwenye seva, na pote entiti ziko ndani. Orodha ya `<class>` ikaondoka, safari hii kwa haki. Faida ya pili sikuwa nimeipigia hesabu: programu-jalizi ya OpenJPA ya Maven hutafuta `persistence.xml` ndani ya `target/classes/META-INF`. Ilipoipata, tukaipa kazi ya kuboresha baitikodi wakati wa kujenga, na `-javaagent` tukaitupa.

Tofauti kati ya kazini na majaribio tuliziweka kwenye mipangilio inayopewa `createEJBContainer`. OpenEJB inakubali jina la yuniti likifuatwa na sifa:

```java
p.put("mikopo.openjpa.jdbc.SynchronizeMappings",
      "buildSchema(ForeignKeys=true)");
```

Hivyo faili linaloingia kazini halina amri ya kuunda majedwali, na majaribio yanayo. Kulikuwa na njia nyingine, ya `openejb.altdd.prefix`, ambayo hukuruhusu kuwa na `test.persistence.xml` kando ya ile kuu. Tuliikataa kwa sababu inaturudisha kwenye mafaili mawili ya kulinganisha.

Jina la chanzo cha data tulilifanya kuwa la kudumu ndani ya klasi moja saidizi, na mistari yote mitatu hujengwa kutokana nalo, ili lisiweze kuandikwa vibaya mara moja kati ya tatu. Klasi hiyo hiyo huongeza namba ya `System.nanoTime()` mwishoni mwa jina la `mem:`, kila kontena lipate kanzidata yake.

## Matokeo

Majaribio yanapita kwenye laptopu ya kila mmoja bila mtandao, na yanaisha kabla chai haijapoa. Jaribio la riba iliyokokotolewa mara mbili lipo na linaendeshwa kila mtu anapopeleka kodi. Entiti kadhaa zimeongezwa tangu hapo, na hakuna aliyelazimika kugusa `persistence.xml`.

## Uchambuzi

Kugawana jumbe kulionekana ni ushirikiano, lakini kuliwanyima nafasi ya kuziweka pembeni mwa nyingine na kuuliza ni hali gani moja ingezizalisha zote tatu. Ujumbe wa JPQL ulikuwa na jibu ndani yake. Alama mbili za mabano mwishoni mwa mstari ni rahisi kuzipita, hasa chini yake kukiwa na mistari themanini ya njia ya hitilafu.

Kwenye mambo mawili nalilaumu kontena kuliko watu. OpenEJB imejengwa iwe mkarimu. Ukikosea jina la chanzo cha data inakuundia kingine. Lisipolingana na lililoko kwenye `persistence.xml`, inalinganisha yenyewe na kuandika mstari wa kiwango cha INFO unaoanza na `Adjusting PersistenceUnit`. Kwa anayejifunza ni raha. Kwa mfumo wa fedha ningependa ianguke palepale. Tangu kisa hiki, jaribio letu la kwanza kabisa halihusu mikopo. Linahakiki mambo mawili tu, kwamba idadi ya entiti kwenye `getMetamodel()` si sifuri, na kwamba anwani ya muunganisho ndiyo tuliyoiandika. Likianguka hilo, hakuna haja ya kusoma mengine.

Kufuta orodha ya `<class>` silihesabu kama uzembe. Aliyeifuta alikuwa na kanuni sahihi, akakosa sharti lake, na hakuna popote kwenye mradi palipoandikwa kwa nini orodha ile ipo. Maoni ya mstari mmoja ndani ya XML yangetosha. Kosa langu la siku ya nne ni la aina nyingine kabisa: nilijua njia iliyo bora, nikachagua iliyo fupi, na sikumwachia mtu yeyote maandishi ya kurudi kuirekebisha.

Kuna kundi moja la majaribio tulilolitoa kwenye mpango huu wote. Ni yale yanayohakiki kwamba maafisa wawili hawawezi kuidhinisha mkopo mmoja kwa wakati mmoja. Kwenye HSQLDB yalipita mara ya kwanza, na ndicho kilichonitia shaka. Hali ya kawaida ya HSQLDB ni kufunga jedwali zima, ilhali PostgreSQL huruhusu matoleo kadhaa ya safu moja kuishi pamoja. Yalikuwa yakipita kwa sababu wa pili hakuwahi kukaribia mlango. Hayo yameachwa kwenye profaili tofauti ya Maven, yanaendeshwa usiku dhidi ya PostgreSQL halisi, na mawili kati yake hadi leo bado yanaanguka.